Sura ya Saba: Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Nyumbani, Makandana

Kata ya Makandana, iliyo katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, imo katika mwinuko unaokaribia meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa, lililo upande wa kusini, hauzidi meta 500. Barabara kuu itokayo Kyela na mpakani Kasumulu hulazimika kuipanda tofauti hiyo yote kabla ya kufika Tukuyu, kisha huendelea kupanda kupitia Kiwira na Isongole, kati ya Mlima Rungwe na safu ya Poroto, hadi zaidi ya meta 2,000, ndipo ishuke Uyole na kuingia Mbeya. Gari linaloishi Makandana, kwa hiyo, halina safari ya tambarare: likielekea kusini litateremka sana na kurudi likipanda, na likielekea kaskazini litapanda kwanza, nalo mara nyingi huwa limepakia abiria, mikungu ya ndizi, parachichi au viazi.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotumika katika barabara hiyo yaliletwa nchini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi kati yake ni ya otomatiki, yaani magari ambayo dereva hakanyagi klachi wala habadilishi gia kwa mkono. Wamiliki wengi hukumbuka kubadilisha oili ya injini, kwa kuwa fundi huwaandikia kilomita za kurudi, lakini oili ya giaboksi hukaa mwaka baada ya mwaka hadi gari lianze kuchelewa kuingia gia. Sura hii inaeleza kwamba kazi ya kuibadilisha inaweza kufanyika nyumbani kwa usalama, ikiwa mmiliki atazingatia vipimo vinne ambavyo kazi nzima imejengwa juu yake: aina ya oili, kiasi chake, joto lake, na usawa wa mahali gari liliposimama. Nguvu ya mkono na wingi wa spana ni mambo ya pili. Anayekosea kimoja kati ya vipimo hivyo vinne anaweza kuharibu giaboksi iliyokuwa nzima.

Kazi ya oili ndani ya giaboksi

Oili ya injini hulainisha, husafisha na kupoza vyuma. Oili ya giaboksi ya otomatiki hufanya hayo yote, kisha ikabeba kazi nyingine tatu ambazo oili ya injini haiziwezi. Kazi ya kwanza ni kupitisha nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kiitwacho konveta, ambacho ndani yake mna mapanga ya chuma ya pande mbili yasiyogusana. Upande wa injini huirusha oili, nayo oili husukuma upande wa giaboksi, kama maji ya mto yanavyozungusha gurudumu la kinu. Msingi wa ubunifu huo uliwekwa na mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 akiwa anashughulikia mitambo ya meli. Kazi ya pili ni kupeleka shinikizo: pampu ndogo huisukuma oili kupitia vali bodi, yaani kibamba cha chuma chenye njia nyembamba nyingi na vali za kufungua na kufunga, ambacho huamua ni gia ipi iingie. Kazi ya tatu ni kuratibu msuguano, kwa kuwa gia hushikwa na sahani za klachi zilizolowa ndani ya oili hiyohiyo, na sahani hizo hazipaswi kuteleza kupita kiasi wala kushikana kwa mshtuko.

Kazi hii ya tatu ndiyo inayofanya aina ya oili iwe jambo zito. Kampuni ya Marekani ya General Motors, iliyouza giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilitoa mwaka 1949 kiwango cha oili kilichoitwa Type A, na kwa miaka mingi oili za namna hiyo zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Marekani ilipozuia matumizi ya mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walilazimika kutafuta viungo vingine, na tangu hapo kila mtengenezaji wa magari amekuwa akitunga mchanganyiko unaolingana na sahani za klachi zake. Oili mbili zinaweza kuwa nyekundu zote na nyepesi sawasawa, lakini tabia zake za msuguano zikatofautiana.

Mlima, mzigo na joto

Adui mkuu wa oili hiyo ni joto. Katika mwendo wa kawaida oili ya giaboksi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi, na hapo hudumu muda mrefu. Gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo, pande mbili za konveta huzunguka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo ya kasi hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Kwa kanuni ya makadirio ambayo wahandisi huitumia, kila ongezeko la nyuzi 10 hivi hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu; hivyo oili inayofikishwa nyuzi 120 mara kwa mara huchakaa mapema mno, viungo vyake huvunjika, rangi hubadilika kuwa kahawia na harufu yake huwa ya kuungua.

Dereva anaweza kupunguza joto hilo kabla hata ya kugusa spana. Magari mengi ya Kijapani yana kitufe kilichoandikwa O/D, kinachozuia gia ya juu kabisa isiingie, na mpini wa gia wenye nafasi za 2 na L. Kuvitumia katika mpando mrefu huifanya giaboksi isiruke kila mara kati ya gia mbili, na huipa injini uwezo wa kuzunguka ipasavyo. Katika mteremko wa kwenda Ibanda na Kyela, nafasi hizohizo huifanya injini isaidie breki.

Kutokana na hali hiyo, maelezo ya baadhi ya watengenezaji kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari hayapaswi kuchukuliwa kuwa yanahusu mazingira ya Rungwe. Watengenezaji haohao, katika vitabu vyao vya matengenezo, hutenga masharti ya matumizi magumu, wakitaja mizigo mizito na safari za milimani, na kwa masharti hayo hufupisha muda wa kubadilisha. Kwa gari la Makandana, kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kadiri ya busara, na kwa gari la kubeba abiria kutwa nzima ni vyema kubaki karibu na kiwango cha chini.

Kipimo cha kwanza: aina ya oili

Dukani oili hii huitwa haidroliki au ATF, na muuzaji akiombwa kwa majina hayo pekee atatoa chochote kilicho chekundu. Mnunuzi anapaswa kwenda na jina kamili la kiwango. Kwa Toyota, viwango vinavyokutwa zaidi ni T-IV, kwa magari ya miaka ya 1990 mwishoni na ya 2000 mwanzoni, na WS kwa yaliyofuata. Kwa Nissan ni Matic-D, Matic-J na Matic-S. Kwa Honda ni ATF-Z1 na DW-1 iliyoirithi. Mara nyingi jina hilo limechongwa kwenye kijiti cha kupimia oili, ambacho mafundi hukiita dipstiki, na hapo ndipo mahali pa kwanza pa kutazama, hasa kwa kuwa kitabu cha gari, kama kimekuja nalo, huwa kimeandikwa kwa Kijapani.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa magari yenye giaboksi ya CVT, yaani ile isiyo na gia za kuhesabika bali ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo hushika puli kwa msuguano unaotegemea oili yake maalumu, na oili ya kawaida ya otomatiki ikitiwa humo mkanda huteleza na kukwangua puli. Jina la gari halitoshi kumwongoza mmiliki: Toyota Probox ilipoanza kuuzwa mwaka 2002 ilikuwa na otomatiki ya gia 4, lakini toleo lililofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014 lilikuja na CVT. Namba ya fremu ya gari ndiyo inayotoa jibu la uhakika, na duka linalojua kazi yake huitafuta oili kwa namba hiyo.

Kipimo cha pili: usawa wa mahali

Viwanja vingi vya Makandana vimekaa kwenye mteremko, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Oili iliyo ndani ya kisampu, yaani bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, huhamia upande ulio chini. Gari likiinamisha pua, kijiti kinaweza kuonyesha kwamba oili imejaa wakati imepungua, au kinyume chake. Mmiliki anaweza kutumia njia ya mafundi ujenzi ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: ncha zake mbili zikishikwa karibu na magurudumu ya mbele na ya nyuma, na usawa wa maji ukapimwa kutoka ardhini, tofauti yoyote ya mwinuko itaonekana, na gurudumu lililo chini litaweza kuinuliwa kwa ubao.

Udongo wa Rungwe ni wa volkano, laini, na eneo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo jeki huzama kwa urahisi. Kazi hii ifanywe katika miezi ya ukavu, kati ya Juni na Oktoba, au chini ya paa penye sakafu ya zege; na pale ambapo ardhi ni udongo mtupu, ubao mnene uwekwe chini ya jeki na chini ya stendi zake. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee, wala lililoegemezwa kwenye matofali, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Magurudumu yaliyobaki ardhini yawekewe kabari, na breki ya mkono ivutwe.

Kipimo cha tatu: kiasi kinachotoka

Kabla ya kumwaga chochote, oili ya zamani ipimwe ingali moto ili ijulikane kama ilikuwa imejaa, imepungua au imezidi. Kisha gari liachwe lipoe hadi oili iwe vuguvugu, kwa kuwa ikiwa baridi sana hutoka polepole na ikiwa kwenye joto la safari huunguza ngozi. Beseni safi huwekwa chini, nati ya kumwagia hulegezwa, na washa yake, ile pete laini inayozuia kuvuja, hutupwa na kuwekewa mpya. Mfunguaji ahakikishe kwamba nati anayoifungua ni ya giaboksi na si ya injini, kwa kuwa katika magari yenye injini iliyolala kwa upana zote mbili ziko karibu; oili inayotoka ya giaboksi, ikiwa haijachakaa sana, huwa na wekundu.

Oili yote iliyotoka humiminwa kwenye chupa za maji zenye ujazo unaojulikana, na jumla yake kuandikwa. Tarakimu hiyo ndiyo mwongozo wa kazi yote inayofuata. Katika magari mengi madogo hutoka lita 3 hadi 4 tu, ingawa giaboksi nzima hubeba takribani mara mbili ya hapo, kwa sababu oili iliyo ndani ya konveta, vali bodi na mirija ya kupoza haishuki. Ikiwa giaboksi ina lita 7.5 na hutoka lita 3, kazi ya mara moja hubadilisha asilimia 40. Gari likitembea siku kadhaa ili oili ichanganyike na kazi ikarudiwa, oili mpya hufikia asilimia 64, na mara ya tatu hufikia asilimia 78. Njia hii ya awamu hutumia oili zaidi, lakini haihitaji mashine, na haiisukumi oili kwa nguvu kupitia njia nyembamba za vali bodi.

Kisampu kikifunguliwa, huonyesha afya ya giaboksi. Ndani yake kuna sumaku ndogo zinazonasa unga wa chuma. Utandu laini wa kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyong'aa au vyenye ncha ni dalili kwamba kuna chuma kinachokatika. Chujio la wavu wa chuma huoshwa kwa mafuta ya taa mbali na moto na kukaushwa kabisa. Chujio la kitambaa kigumu halioshwi, bali hubadilishwa. Vyombo vifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa kuwa uzi mmoja unaweza kukwamisha vali. Gasketi, yaani utepe unaoziba kati ya kisampu na giaboksi, iwe mpya. Nati za kisampu hazikazwi kwa nguvu: katika giaboksi nyingi za Toyota kipimo chake hakizidi njutoni-meta 8, sawa na kusukuma mpini wa sentimeta 15 kwa uzito wa kilo 5 hivi, na ukazaji hufanywa kwa kuvukavuka, kutoka nati moja kwenda ile inayoikabili.

Kipimo cha nne: joto wakati wa kujaza

Oili mpya hutiwa kupitia mrija wa kijiti cha kupimia, kwa faneli yenye shingo ndefu, kwa kiasi kilekile kilichotoka, kikirekebishwa ikiwa kipimo cha awali kilionyesha upungufu au ziada. Injini huwashwa, breki hukanyagwa, na mpini wa gia hupitishwa taratibu katika kila nafasi, kutoka P hadi L na kurudi P, ili oili ijaze njia zote. Gari huendeshwa kilomita 15 hivi, kisha hurudishwa mahali pa usawa na kupimwa injini ikiwa inaunguruma, kama Toyota inavyoelekeza. Katika magari ya Honda, hata hivyo, upimaji hufanywa mara tu baada ya kuzima injini.

Kijiti huwa na alama za baridi na za moto kwa sababu oili hupanuka: lita 4 zilizopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 80 huongezeka kwa karibu mililita 180, na anayejaza oili baridi hadi alama ya moto atakuwa amezidisha. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikatoa povu, na povu lenye hewa halishiki shinikizo, hivyo klachi huteleza. Oili ikipungua, madhara hufanana: katika mpando mkali oili hukimbilia nyuma ya kisampu, pampu hunyonya hewa, na gari hupoteza mvuto katikati ya mlima. Kwa hiyo nyongeza ifanywe kwa mililita 200 kila mara, na kipimo kirudiwe.

Yapo magari yasiyo na kijiti kabisa, hasa yanayotumia WS na mengi ya CVT. Hayo hupimwa kwa tundu la kufurikia, oili ikiwa kwenye joto maalumu ambalo kwa Toyota nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 46, na joto hilo husomwa kwa mashine ya uchunguzi inayounganishwa na kompyuta ya gari. Mmiliki asiye na mashine hiyo anatenda vyema akimpelekea fundi aliye nayo.

Oili inayokataza kazi ya nyumbani

Mafundi wengi husema kwamba kubadilisha oili iliyokwisha kuwa nyeusi huua giaboksi, na kauli hiyo ina msingi japo haijakamilika. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua huwa imebeba unga wa sahani za klachi, na giaboksi ya namna hiyo ilikwisha kuchakaa kabla ya nati kufunguliwa. Oili mpya haiurudishi unga huo mahali pake. Ikiwa gari bado linaingia gia vizuri, kubadilisha kwa awamu ndiyo njia ya upole; ikiwa tayari linateleza au linachelewa, uchunguzi wa fundi hutangulia oili.

Dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa ni oili yenye rangi ya waridi iliyofifia na uzito wa maziwa. Hiyo huonyesha kwamba maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni rejeta, kwa kuwa mrija wa kupozea oili ya giaboksi hupita ndani yake. Magari yanayotiwa maji ya bombani au ya kijitoni badala ya kuleti, yaani kimiminika cha rejeta chenye dawa ya kuzuia kutu, hupata kutu katika mrija huo hadi ukatoboka. Kubadilisha oili pekee hapo hakufai. Rejeta ibadilishwe kwanza, na gari lisiendeshwe hadi hapo, kwa sababu gundi ya sahani za klachi hulegea zikilowa maji.

Oili chafu na daftari la gari

Oili iliyotoka bado ni wajibu wa mmiliki wake. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayokusanya maji ya miteremko ya Rungwe, humwagikia Ziwa Nyasa, na kile kinachomwagwa kwenye mtaro wa Makandana husombwa na mvua kuelekea huko, kwa wavuvi na wakulima wa mpunga wa Kyela. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa aina hiyo. Oili chafu ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko, isichanganywe na petroli wala maji, na ipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili kwa ajili ya wanunuzi wa oili iliyotumika.

Kazi hukamilika inapoandikwa. Gari lililotumika Japani hufika Tanzania bila historia ambayo mnunuzi anaweza kuisoma, na wengi hubaki wakikisia kama oili yake iliwahi kuguswa. Daftari lenye tarehe, kilomita, jina la kiwango, kiasi kilichotoka, kiasi kilichoingia na maelezo ya kilichoonekana kwenye sumaku huondoa ukisiaji huo: fundi atakayeifungua giaboksi baadaye ataanzia kwenye ukweli, na mnunuzi wa pili, ambaye huenda ni jirani wa Makandana hapohapo, atajua anachokilipia. Mmiliki anayepima na kuandika kwa namna hiyo hahitaji kungoja gari limshinde mlimani ndipo ajue hali ya giaboksi yake, na ujuzi huo unapatikana kwa kila mwenye subira ya kupima kabla ya kumimina.